Supu ya Kukorogea Koridoni

Baba: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

Binti: Mimi, baba. Shikamoo.

Baba: Nani? Sauti inakuja halafu inaondo—

Binti: Mimi mwanao! Shikamoo!

Baba: Aaa, mama! Marahaba, marahaba. Ngoja niweke spika. [mikwaruzo] Haya, sasa nakupata. Hamjambo huko? Mjukuu wangu? Mkwe?

Binti: Hatujambo, mtoto amelala. Nimekupigia tangu asubuhi, baba.

Baba: Simu ilikuwa mfuko wa suruali. Inalia huko chini, mimi nadhani ni ya mtu mwingine.

Binti: Tangu lini wewe unaweka simu mfuko wa suruali? Miaka yote inakaa mfuko wa shati, mpaka kila shati lako lina alama yake.

Baba: Kwani mtu habadiliki?

Binti: Muuza maziwa amenipigia.

Baba: Anhaa. Mwambie jagi lake lipo. Nimelisuuza.

Binti: Hakupiga kwa ajili ya jagi.

Baba: Maana aliliacha akakimbia, nikabaki namwita—

Binti: Baba. Anasema mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Akapiga hodi, akachungulia. Akakukuta umesimama koridoni umejifunga kifuniko cha ndoo ya rangi kifuani...

Baba: Kifuniko kisafi kile.

Binti: ...umeshika mti wa rola, ule mrefu wa kupakia dari, na unakoroga hewa.

Baba: Mwongo! Sikuwa nakoroga hewa. Nilikuwa nakoroga supu.

Binti: Supu ilikuwa wapi?

Baba: Jikoni.

Binti: Na wewe ulikuwa wapi?

Baba: Koridoni.

Binti: [kimya]

Baba: Haloo? Umekatika?

Binti: Nipo. Baba, leo siku gani?

Baba: Huna kalenda huko?

Binti: Nijibu tu, tafadhali.

Baba: Jumatano. Kesho Alhamisi, na nikijaliwa keshokutwa Ijumaa. Unataka na jina langu? Mimi ni baba yako, fundi rangi, na nyumba yenu mliitaka ya kijivu, nikawaambia mtajuta, mkajuta. Akili ninazo, mama.

Binti: Sijasema huna.

Baba: Umeniuliza siku kama nesi wa zamu!

Binti: Basi nisikilize, na usikasirike. Nimeongea na mume wangu. Chumba cha nyuma tumeshakisafisha. Jumamosi anakuja na gari kukuchukua.

Baba: Kunichukua kwenda wapi?

Binti: Kwetu. Kukaa.

Baba: Kwa sababu ya supu?

Binti: Si supu! Gesi uliisahau mara mbili inawaka. Ndiyo nikakununulia hilo jiko la sumaku, nikasema hili halina moto wa wazi, ukisahau linajizima, roho yangu itatulia. Sasa napigiwa simu na muuza maziwa, karibu analia...

Baba: Jiko halina kosa. Usilisingizie jiko. Mjinga ni mimi, na nimejitahidi sana katika ujinga huo, acha nikueleze.

Binti: Nieleze.

Baba: Siku ya kwanza nikaweka sufuria yangu ya alumini. Jiko likapiga kelele, tii, tii, tii, likaandika herufi na sifuri. Nikazima, nikawasha. Tii, tii. Nikaona hili limekuja na kiburi cha dukani. Nikaligombeza. Mtu mzima, mama, niko jikoni nagombana na kioo cha jiko! Mpaka kinyozi jirani yangu akaingia, akachukua sumaku ndogo ya mlango wa friji, akaibandika chini ya sufuria. Ikaanguka. Akaniambia, mzee, sumaku isiposhika, na jiko halishiki.

Binti: Lakini hayo yote nilikueleza dukani.

Baba: Ulinieleza, nikaitikia. Kuitikia na kusikia ni kazi mbili. Basi nikanunua sufuria ya chuma, maji yakachemka kabla sijamenya kiazi. Nikafurahi. Nikaondoa sufuria, nikasema, hili wanasema halina moto, ngoja nipime. Nikaweka kiganja.

Binti: Baba!

Baba: Kumbe sufuria inakipasha kioo joto lake! Nilipiga kelele, mbwa wa mtaa wa pili wakajibu. Siku tatu napaka rangi kwa mkono wa kushoto. Ukuta wa mteja wangu una mawimbi, yeye anadhani ni mtindo.

Binti: [anacheka, anajizuia] Na kile kijitabu cha maelezo kilichokuja kwenye boksi?

Baba: Nilikichana, nikazibia fremu ya dirisha rangi isichafue. Karatasi nzuri sana ile. Lakini jiko nimelitengea soketi yake peke yake, usiseme sijasikia chochote. Halichangii na pasi wala friji.

Binti: Sawa. Hapo umefanya vizuri. Sasa mti wa rola.

Baba: Mti wa rola ni... [mikwaruzo] haloo? Mtandao huu—

Binti: Mtandao uko sawa.

Baba: Ni urahisi tu. Nimefunga mwiko kwenye ncha yake kwa utepe wa gundi. Nasimama mlangoni, nakoroga. Tatizo ni kuwasha. Vile vitufe vyake havisikii mti, vinataka kidole cha mtu. Nimebonyeza kwa mti mpaka nikachoka. Kwa hiyo navuta pumzi, naingia ubavu ubavu kama kaa, nabonyeza, natoka mbio.

Binti: Unatoka mbio kwa nini?

Baba: Mazoezi.

Binti: Baba.

Baba: Mtu wa umri wangu lazima anyooshe viungo.

Binti: Na kifuniko kifuani?

Baba: Supu inaruka.

Binti: Inaruka mpaka koridoni?

Baba: Supu nyingine ni kali.

Binti: Basi. Jumamosi asubuhi uwe umefunga nguo zako. Brashi usibebe, huku hakuna kazi ya kupaka. Utapumzika, mtoto utamwona kila siku, na chakula utapikiwa.

Baba: Mama, ngoja kwanza. Usiniamulie mambo kwa simu.

Binti: Nifanyeje? Ningekuwa mimi nimefunga kifuniko cha ndoo kifuani, ungeniacha nikae peke yangu?

Baba: [anavuta kiti]

Binti: Baba?

Baba: Nipo. Hebu nikuulize kitu. Wewe una simu kubwa, unaweza kutafuta. Kuna rafiki yangu.

Binti: Rafiki yupi?

Baba: Humjui. Ana jiko kama langu. Sasa yeye ana... ana kidude.

Binti: Kidude gani?

Baba: Wamemwekea hospitali. Chini ya ngozi hapa, karibu na bega la kushoto. Kinaongoza mapigo ya moyo. Kikiona moyo umesinzia, kinaugusa, amka wewe. Ni kidogo tu, kama kiberiti. Na wakamwambia ajihadhari na sumaku. Akarudi nyumbani anafurahi, akafungua mlango wa jikoni, akamkuta nani? Sumaku tupu, imekaa mezani inamngoja. Sasa anauliza, mtu kama huyo asimame umbali gani?

Binti: [kimya]

Baba: Anauliza yeye. Rafiki.

Binti: Huyo rafiki yako simu yake anaweka mfuko gani?

Baba: Wa suruali.

Binti: ...

Baba: Mama? Mama, usilie. Utamwamsha mtoto.

Binti: Silii. Lini?

Baba: Si muda.

Binti: Baba, lini!

Baba: Wiki ile uliyojifungua.

Binti: [kimya]

Baba: Unasikia? Nilikuwa juu ya ngazi, napaka dari la ukumbi wa shule. Dari likaanza kuzunguka, nikasema hapana, dari halizunguki, ni mimi. Nikashuka vizuri, usiogope, sikuanguka. Nikakaa juu ya ndoo ya rangi kupumzika. Nilisahau kwamba nimeshaifungua. Niliingia mpaka hapa, magoti yamegusa kidevu! Hapo ndipo nikazimia, ndani ya ndoo ya rangi ya krimu. Kinyozi akanitoa, nimenasa nayo kama kichwa kwenye kofia. Kufika hospitali, nesi wa mapokezi akamuuliza kinyozi, huyu mzee rangi hii ni ya ugonjwa au ni ya dukani?

Binti: [anacheka na kulia kwa pamoja] Nyamaza. Nyamaza kwanza.

Baba: Nimenyamaza.

Binti: Siku ile ulinipigia. Niko kitandani, mtoto ana saa chache. Ukanipongeza. Ukasema umeruka juu kwa furaha.

Baba: Niliruka. Kwa moyo.

Binti: Nikasikia mlio nyuma yako, pi, pi, pi. Nikakuuliza ni nini. Ukasema lori linarudi nyuma.

Baba: Lori lilikuwa mimi.

Binti: Lilirudi nyuma dakika kumi nzima, baba. Na mimi nikaamini. Nikasema dereva gani huyu.

Baba: Nesi alitaka kunipokonya simu. Nikamwambia, dada, mwanangu amejifungua, niache nimsikie mtoto anavyolia, ukishanisaidia hapo nichomeni sindano mnavyotaka. Akaniachia. Nilimsikia. Ana mapafu yule.

Binti: Kwa nini hukuniambia?

Baba: Ulikuwa na kazi yako, mama. Ulishonwa, hulali, maziwa hayatoki. Nikasema nitamwambia akitoka hospitali. Ukatoka, mtoto akapata homa. Nikasema homa ikipoa. Homa ikapoa, nikaona sasa nikisema utaniuliza mbona hukusema mapema. Kila siku neno linazidi uzito, mpaka likanishinda kulinyanyua.

Binti: Na kinyozi anajua.

Baba: Alinipeleka yeye.

Binti: Kinyozi anajua, mimi mwanao sijui.

Baba: Ndiyo.

Binti: Haya.

Baba: Alikasirika hata yeye. Hospitali walininyoa kifua kabla ya kupasua. Alipoona akasema ni kazi mbovu, upande mmoja juu upande mmoja chini, nimfuate saluni airekebishe. Mama, cheka kidogo basi.

Binti: Sitaki kucheka. Daktari alisemaje kuhusu jiko?

Baba: Alisema sumaku.

Binti: Ulimuuliza kuhusu jiko hili? Hili lenyewe?

Baba: Niliogopa.

Binti: Uliogopa nini?

Baba: Kwamba atasema usipike tena. Halafu atasema usikae peke yako. Halafu gari litakuja Jumamosi.

Binti: Kwa hiyo?

Baba: Nikaona bora nijitungie sheria zangu. Nikatunga mti, nikatunga kifuniko. Fundi anabuni.

Binti: Kifuniko chenyewe ni cha plastiki!

Baba: Ndicho nilichokuwa nacho.

Binti: Una namba ya kliniki waliyokuwekea?

Baba: Ninayo. Ya yule nesi wa moyo. Iko humu kwenye simu, nimeandika "Yule".

Binti: Nitumie sasa hivi. Kata, nitumie, na usiende jikoni. Unanisikia? Usiguse chochote.

Baba: Mama, ukimpigia usimwambie habari ya koridoni...

[Simu inakatika. Baadaye inaita tena.]

Baba: Haloo? Nani?

Binti: Mimi. Nimeongea naye.

Baba: Amesemaje? Mbona unapumua hivyo?

Binti: Nimemwambia jina lako. Akasema, yule mzee wa krimu?

Baba: Haya, nimekwisha.

Binti: Ameangalia aina ya kidude chako, akaenda kumuuliza daktari, amerudi. Utapika.

Baba: Nitapika?

Binti: Utapika kama watu wengine. Lakini nisikilize, leo usiitikie tu. Kifua chako kiwe mbali na jiko urefu wa mkono. Unyooshe mkono, kama unapaka ukuta kwa brashi fupi. Usiiname juu ya sufuria kunusa...

Baba: Sasa nitajuaje imeiva?

Binti: Utachota, utasogea pembeni, utaonja. Tumia jicho la nyuma la jiko, lile la mbele liache. Sufuria ikae katikati, ifunike duara lote, isiwe ndogo wala imeinama. Mwiko wa mti, usikorogee kijiko cha chuma. Na ukisikia kizunguzungu au moyo unadunda vibaya, unasogea nyuma kwanza, mambo ya supu baadaye. Unasogea, unakaa, unampigia nesi.

Baba: Na kifuniko?

Binti: Amecheka mpaka akaweka simu chini. Hakizuii chochote.

Baba: Nimekivaa karibu mwezi mzima. Hata kuchemshia chai.

Binti: Najua. Sasa inuka, nenda jikoni. Mimi niko hapa.

Baba: Sasa hivi?

Binti: Sasa hivi. Una nini cha kupika?

Baba: Viazi vimeshamenywa. Vinangoja tangu... [hatua, mlango] Niko mlangoni.

Binti: Ingia.

Baba: Nimeingia. Naweka simu juu ya kabati, upande wa kulia. Unanisikia?

Binti: Nakusikia. Sufuria?

Baba: Jicho la nyuma. Katikati. Mkono nimenyoosha.

Binti: Washa.

Baba: [kimya]

Binti: Umewasha?

Baba: Bado.

Binti: Kuna nini?

Baba: Mama, naogopa.

Binti: Najua, baba.

Baba: Mambo ya ngazi na ndoo nayasimulia kwa kinyozi, tunacheka, watu wanajaa pale saluni kusikiliza. Lakini pale juu, kabla sijashuka, kuna muda kidogo moyo ulisimama kabisa. Niliusikia umesimama. Kulikuwa kimya, mama. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Sasa kila nikinyoosha kidole kwenye kitufe hiki nausikiliza.

Binti: Tusikilize wote. Washa nikiwa hapa.

Baba: [mlio mfupi] Nimewasha.

Binti: Simama hapohapo ulipo. Usikimbie.

Baba: Sikimbii. Miguu inataka lakini nimeikatalia.

Binti: Moyo?

Baba: [maji yanaanza kuvuma] Upo. Unakwenda. Unakwenda kama mtu anayekwenda kazini.

Binti: [anavuta pumzi] Haya. Koroga.

Baba: Na mwiko huu mfupi? Nimezoea ule wa mita mbili, huu naona kama kijiti cha meno. Nakoroga. Mvuke unanigonga mkononi. Viazi vinanukia, mama. Nilikuwa sivinusi kutoka kule.

Binti: Usiiname.

Baba: Siinami, vinanifuata vyenyewe. [mtoto analia upande wa pili] Huyo ameamka?

Binti: Ameamka. Ngoja nimchukue. Shhh, shhh, babu huyo. Baba, kuhusu Jumamosi.

Baba: Ndiyo.

Binti: Gari linakuja.

Baba: Sawa, mama. Wewe ndiye unayejua.

Binti: Linakuja na sisi wote ndani. Tunakuja kula. Wewe utabaki kwako, chumba chetu cha nyuma tutaweka vitanda vya wageni.

Baba: Kula? Kwangu? Ninyi wote? Basi viazi hivi havito— Mama! Betri inakaribia kuisha!

Binti: Ipi?!

Baba: Ya simu! Ya simu, mama, ya simu!

Binti: Baba, utaniua!

Baba: Inawaka nyekundu, nitaichaji sebuleni, na jiko nazima, nimezima...

Binti: Usiguse kioo!

Baba: Sigusi, nilishakigusa, inatosha maisha. Mbusu mjukuu, msalimie mkwe, mwambie—

Binti: Baba, ngoja, haraka! Siku nyingine ukipelekwa hospitali unanipigia. Mimi kwanza.

Baba: Nitakupigia.

Binti: Hata kama nimelala!

Baba: Hata kama umelala.

Binti: Hata kama mtoto anaumwa, hata kama mimi mwenyewe niko leba!

Baba: Hata kama uko le—

[Simu inakatika.]